Usitutafute Tena mu Remorke

Baba Paluku,

Sasa hivi mutoto wako amefanya kitu. Nilikuwa nakunja vitambaa, nikamuona Paluku amepiga magoti mu kona, ameshika miguu ya mudogo wake Kambale na mikono yote mbili, anaipuliza. Anapuliza vile ananionaka mimi napuliza moto asubui, mashavu imejaa. Kisha akageuka, akaniuliza: "Mama, mbona haiwake?"

Nilicheka. Nikashika ile miguu ya Kambale. Ilikuwa baridi kama chuma.

Ndiyo maana nakuandikia leo. Sina envelope, donc hii barua iko wazi. Nitaipatia dereva yeyote mwenye anashuka upande wa Kayna na Kanyabayonga. Na wewe dereva mwenye unaisoma, soma kwa sauti pa soko na pa bariere penye magari inasimamishwa, labda mwenyewe atasikia. Baba Paluku, usicheke maandishi yangu. Unajua masomo ilinikatikia njiani.

Tungali pale pale ulituacha, pa kuingilia Butembo, kando ya barabara. Ile siku nakumbuka yote. Tulikuwa tumekimbia vita usiku na muchana na jeep ya patron wako wa kazi, sisi nyuma mu remorke na mifuko ya maharage, nikaamini tumefika. Halafu basoda na bunduki zao wakasimamisha jeep. Mumoja akakuambia: "Dereva, fungua hiyo kigari ya nyuma. Jeep inaenda na sisi, na wewe unaenda na jeep." Ukafungua remorke polepole, sijaona ukifanya kazi polepole vile. Ukaweka jiwe chini ya magurudumu. Ukanikaribia kama unakaza kamba ya bashi, ile turubai ya juu, ukaniambia kidogo-kidogo: "Hapana kuhama. Nikirudi nitatafuta remorke. Sitajua nyumba ya batu." Soda akaita: "We muzee, unaaga ao unaoa?" Wenzake wakacheka. Na wewe ulicheka, sababu batoto walikuwa wanakuangalia.

Tangu ile siku mwezi umekufa, mwingine umezaliwa, na huo nao umeanza kuzeeka.

Unakumbuka Kipese? Tulikuwa bado wapya mu ndoa, Paluku bado tumboni. Jeep ilikufa mu kilima, ukungu ukashuka, na remorke imejaa viazi. Ulipanga mifuko kama kitanda, ukafunika bashi juu yetu, ukasema: "Mama, karibu hoteli. Kama chakula haikufurahishe, ni viazi, na kama kitanda haikufurahishe, ni viazi." Nilicheka mupaka mutoto akapiga teke. Uliweka miguu yangu katikati ya miguu yako, na sikusikia baridi hata kidogo. Nilijiambia, kumbe na remorke ni nyumba, kama iko na bwana ndani.

Sasa ninajua remorke ni nini. Ni mbao chini na chuma kando, na chuma inakunywa baridi ya usiku wote. Moto ndani haiwezekane, mbao itaungua, na moshi chini ya bashi inaua. Donc ninapika inje, pembeni ya gurudumu, juu ya mafiga yetu, mawe tatu nilizookota mwenyewe siku ya kwanza. Nilijaza maganda ya maharage mu mifuko, batoto wanalala juu. Na jioni, chakula ikiisha, natoa yale mawe na kijiti, nayafunga mu matambara, nayaweka pa miguu ya batoto. Mama yako alinifundisha hiyo, wakati nilimuzaa Paluku kwake Kayna, ile musimu ya mvua. Jiwe lenye limekula moto linakaa na joto mupaka jogoo wa kwanza.

Mais mama yako alinifundisha na neno lingine. Aliniambia: "Binti yangu, bwana akiwa mu njia, mwanamuke hahamishe mafiga. Ukihamisha mafiga, unamuhamishia njia ya kurudi." Unajua namna anasemaka, na kidole juu. Donc kila asubui, mbele ya kufanya kitu chochote, narudisha yale mawe mu mashimo yake, mule mule mu majivu. Nilikuwa najiambia: hii hapana kuhamisha, hii ni kuazima.

Kuna mama mumoja hapa, Mama Zaina. Bwana wake naye ni mutransporteur wa mizigo, ni Waislamu, wako na nyumba nyuma ya musikiti mudogo. Anatuletea maji ya moto na chai. Ni mutu wa kinywa kali na roho laini. Mara nyingi ameniambia: "Niko na chumba ya nyuma, imeshikana na jiko, ukuta wake haupoe. Ingieni." Mimi nakataa. Namuelezea maneno yako, namuelezea mafiga. Juzi akakasirika kabisa: "We Mama Paluku! Unangoja bwana ao unalinda remorke? Bwana ni mutu, iko na kinywa, atauliza. Kambale hana kinywa ya kuuliza!"

Nilimukasirikia siku muzima, sababu alisema kweli.

Mvua imeanza. Kuni inalowa, mawe hayapate moto muzuri, katikati ya usiku yamesha kupoa. Bashi imepasuka upande wa Kambale, nimeshona, imepasuka tena. Anakohoa. Usiku namuweka mu kifua, Paluku mu mugongo, najikunja kama mukeka, na bado nasikia ule mwili mudogo unatetemeka. Jana nilimupeleka kwa infirmière. Alimusikiliza kifua, akaniangalia nguo yenye maji, akasema: "Dawa nitakupa, mama. Mais huyu mutoto, dawa yake ni nyumba."

Donc leo tunahama. Sikia vizuri, usishituke. Nimefikiri sana namna ya kufanya, na nimeona hivi: mafiga nitayaacha. Yatabakia mu majivu yake, pembeni ya gurudumu, sitagusa hata moja. Kwa Mama Zaina nitapika juu ya moto wake. Mama yako hapana kunilaumu, njia yako sijaihamisha. Nimehamisha batoto tu.

Na kama ukikuta hata remorke haiko, sababu basoda wanaipitiaka na kuiangalia, usifikiri tumekufa. Uliza fundi wa velo mwenye anatengeneza baiskeli za batu mbele ya musikiti mudogo. Ni mutu wa karibu, anatujua. Atakuonyesha mulango wa buluu wa Mama Zaina. Kama ni muchana, utasikia Paluku mbele ya kumuona, anaimba siku muzima. Amejua kuhesabu, mais anarukaka tano. Kambale ameota jino moja. Mimi nimekonda kidogo, ni kitu ya kurekebisha. Niko na hakika utarudi. Bengine hapa wananiangalia na huruma wakisikia nasema hivyo, na usiku kweli nabakia na ile huruma yao mukononi, sijui niiweke wapi. Asubui naiacha.

Ule ni Mama Zaina anaita. "Mama Paluku, we! Leta mutoto, maji inapoa! Karatasi haimuogeshe!"

Nakuja, nakuja. Baba Paluku, nakuacha na Mungu. Kama ukifika usiku, usiogope ni nyumba ya batu, usilale inje mu baridi. Gonga tu. Sisi tunalala karibu na mulango, na mimi mwenyewe ndiye nitakufungulia.