Nimero Dix Kwenye Ukuta wa Mama Trésor

Jumamosi, jioni. Jua kali tangu asubuhi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mvua imekataa kabisa mwaka huu. Nimefunga dirisha na bado cherehani yangu inasaga mchanga. Nje nasikia mume wangu, Papa Nadine, anasugua kitu kwa brashi. Sijui anasugua nini na sitatoka kumwuliza, maana hatuongei tangu tutoke uwanjani.

Basi naandika hapa.

Leo Trésor amesaini.

Kwa asiyemjua: Trésor ndiye nimero dix wa timu yetu, namba kumi, mtoto wa jirani yangu hapa mtaani Kasulo. Nyumba zetu zina ukuta mmoja katikati. Jezi yake ya kwanza niliishona mimi, na ile kumi niliikata kwenye shuka langu jeupe. Kuhusu mguu wake wa kushoto, Mungu anisamehe, niliwahi kuacha mboga ya sombe, majani ya muhogo, iungue jikoni ili nione anamaliza vipi. Sasa timu imempa mkataba, kontra kama tunavyosema, mkubwa ambao Kolwezi hatujawahi kuuona. Na timu ni mali ya kampuni inayochimba hapa nyuma yetu. Redio imetangaza, sokoni wameimba, na kesho padri ataitia habari hii kwenye mahubiri, mtaona.

Watu wanagombana wiki nzima juu ya neno moja. Anastahili?

Papa Nadine anasema anastahili, tena wamechelewa. Yeye ni wa wale wanaopiga ngoma uwanjani mpaka sauti inakauka. "Ule mutoto alianza na mupira ya masashe, mifuko ya plastiki," ananiambia. "Leo Mungu anamukumbuka, na weye unakasirika? Ni wivu, Mama Nadine."

Labda ni wivu. Kuna siku nimeinamia suruali ya mtu, nasikia jina la Trésor redioni, na moyo unaniuma kidogo. Sikatai.

Lakini mi najua goti lake.

Ukuta wetu ni mwembamba. Tangu msimu uliopita namsikia mama yake akimkanda na maji ya moto, na yeye, mwanamume mzima, analia. Kipindi cha pili cha kila mechi anatembea tu, na mashabiki wanasema anatumia akili. Wakubwa wa timu za Lubumbashi walikuja kumtazama wakarudi kimya. Nani ananunua pikipiki yenye injini iliyopasuka kwa bei ya mpya? Na hawa wa timu yetu wanashindwa hata kununua soksi za timu, naziba mimi vidole na visigino. Mapenzi haya ya ghafla yametoka wapi?

Ngoja nieleze habari ya zile namba, bila hiyo hamtanielewa.

Kabla ya Pasaka, vijana wa kampuni walipita na kopo la rangi nyekundu, wakaandika namba kwenye kila ukuta. Hawakueleza kitu. Ukuta wa Mama Trésor ukaangukiwa na 10. Mama yee! Mtaa ulilipuka. Tulifikiri timu imemheshimu mama wa mchezaji wake. Wanawake tukapiga vigelegele, ngoma zikaja, Papa Nadine mbele. Mama Trésor alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kesho yake akapaka chokaa ukuta mzima, akaizunguka ile namba taratibu kwa ncha ya brashi ili isiguswe.

Sisi tulipata 11. Papa Nadine akasimama mlangoni akajipiga kifua: "Na miye niko winga ya kushoto!" Akanikataza kuifuta. Tulicheka siku nzima.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini hata choo cha kanisa kilipewa namba.

Baada ya Pasaka wakaja wengine, wenye mikoba na viatu safi. Hao ndio walituambia: zile namba ni za nyumba za kubomoa.

Chini yetu kuna madini, kobalti, ndiyo habari yote. Na kweli ardhi imechoka. Watu wamechimba mpaka chini ya vitanda vyao. Shimo la nyuma ya kanisa lilipoporomoka na vijana ndani, tulikaa matanga mbele ya udongo, maana hakuna mwili uliotoka. Hilo silikatai. Lakini kampuni haituondoi ili tusife. Inatuondoa ili ichimbe yenyewe. Walitupeleka kutuonyesha mahali tutakapohamia: majani, vichuguu, hakuna bomba, hakuna shule. Huko nani ataniletea nguo ya kushona? Mchwa?

Avenue ya nyuma, ile barabara ya namba moja mpaka tisa, ilianguka upesi. Mashine ya kubomolea ikageuka kona, ikafika kwa Mama Trésor, ikasimama. Yeye alikuwa ameweka kiti mbele ya ile 10 na ameketi.

"Babomole hii, tuone nani atabapigia mupira," akasema.

Hawakuthubutu. Nani avunje nyumba ya mama wa nimero dix? Wapiga ngoma wote wangefika pale. Mashine ikazimwa, ikakaa kwenye kona miezi na miezi, kuku wakalala ndani yake. Sote tulikuwa tumejificha nyuma ya kiti cha yule mama. Tuliambiana: akikaa, tunakaa. Nikaanza hata kupanga kubadilisha bati.

Halafu ghafla, kontra.

Leo nilienda uwanjani. Nilitaka kumwona usoni. Trésor alikuwa na koti pana kuliko mabega yake, mguu wa kulia umenyooshwa chini ya meza kwa sababu haukunjiki vizuri. Prezida wa timu akamshika bega. Akasaini. Ngoma zikalia, na ya Papa Nadine ilisikika kuliko zote. Mi nilikuwa namtafuta Mama Trésor kwenye viti vya mbele. Hakuwepo.

Tuliporudi, kamyo, lori la mizigo, ilikuwa imesimama mbele ya mlango wake. Godoro, masufuria, picha ya Bikira, kile kiti.

Papa Nadine alishusha ngoma begani.

Mama Trésor akaingia kwangu na jezi mkononi, ile ya kwanza. Hakuketi.

"Mama Nadine, unitolee hii nimero."

"Juu ya nini niitoe, mama?"

"Trésor alibauliza ba kampuni juu ya avenue yetu. Mi nilimutuma aulize. Bakamuambia, saini, mama yako anatoka leo, anapewa nyumba ingine ku Dilala. Ukikataa, hautacheza tena, na nyumba tutabomoa tu." Akapangusa uso kwa kitenge. "Goti yake unaijua. Alikuwa afanye nini?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mdomoni, mabaya, ya kumfukuza nayo. Nikachukua wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja. Akachukua jezi tupu. Vile vitambaa viwili, moja na sifuri, akaviacha mezani.

"Aksanti," akasema. Akapanda mbele kando ya dereva. Hakutazama nyuma, au labda alitazama, mi nilikuwa nimeshafunga mlango.

Sasa, anastahili? Mnaonisoma mtagombana tena, najua. Mi jibu ninalo. Kontra ile haikuwa ya mguu wa kushoto. Ule mguu wangeupata kwa soda na mkate. Walikuwa wananunua mama aondoke kwenye kiti. Na kwa kazi hiyo walimpunja Trésor, kwa sababu nyuma ya kile kiti tulikuwa sisi wote.

Namchukia? Nimejaribu tangu mchana na haiji vizuri. Ningekuwa mama yake ningemwambia asaini. Nikiwa mimi, jirani, nataka goti lile livunjike kabisa. Yote mawili ni kweli.

Nimeweka ile moja na ile sifuri ndani ya droo ya cherehani. Kitambaa bado kizima. Shuka langu lilikuwa zuri.

Brashi nje haijanyamaza. Nimetoka mwishowe kuangalia. Papa Nadine amepiga magoti mbele ya ukuta wetu, ndoo ya maji ya sabuni kando, bado amevaa jezi ya mashabiki, anasugua ile 11. Rangi imeyeyuka kidogo, imemchuruzika mpaka kwenye viwiko, lakini namba inasomeka vizuri kabisa. Nikamwambia, "Papa Nadine, acha." Hakuacha. Nikaenda kuleta brashi ya pili.

Kule kona wamefukuza kuku kutoka kwenye mashine na wanaijaribu injini. Kesho Jumapili hawafanyi kazi. Jumatatu wanaanza na kumi.

Kumi na moja ni sisi.