Betri Mbili za Kengele ya Ngazini

Jumamosi, 26 Januari

Mashine ya kukaushia nguo imekufa rasmi. Miaka ishirini na mbili! Gus wa jirani katupatia yake ya zamani, bure. Yetu ilikuwa ya umeme, hii ni ya gesi. Kaiunganisha mwenyewe kule chumba cha chini, kanywa kahawa vikombe vitatu, kaenda zake.

Gus hajafika hata barabarani, Baba mkwe kaanza mambo yake. Kachomoa bomba la mashine ukutani, kalivisha soksi yangu ndefu ya nailoni, ili hewa ya moto ibaki ndani. Anafanya hivyo kila majira ya baridi tangu nimeolewa. Kwani sisi tuwapashie kunguru moto, anauliza. Nusu ya mji huu wanafanya vivyo hivyo, siwezi kumcheka.

Soksi ilikuwa nzima lakini. Nimechoka hata kugombana.

Jumamosi, 2 Februari

Nimetoka zamu ya usiku kwenye kituo cha wazee nikiwa hoi. Mzee wa chumba namba tisa kaniuliza mara sita kama mimi ni dada yake. Mara ya saba nikasema ndiyo. Akalala.

Nimefika nyumbani, nikalala kama saa moja hivi. Halafu kengele ya ngazini — ile ya moshi na gesi — ikaanza kupiga kelele. Milio minne, kimya, milio minne! Binti yangu Tessa anafua sare zake chini, Baba anakaanga samaki jikoni. Ni samaki tu. Kengele hiyo haijawahi kumpenda Baba na kikaango chake.

Nimeitoa betri. Mbili. Na kwa kuwa saa ya jikoni imesimama tangu Krismasi, nikazitia humo. Baba kanishikilia kiti nisianguke. Kasema angalau sasa kuna kitu kimoja kinachofanya kazi nyumba hii. Mimi nilikuwa nimevaa taulo kichwani, sikucheka.

Nitanunua nyingine Jumatatu.

Jumanne, 5 Februari

Sijanunua. Theluji mpaka dirishani. Zamu mbili mfululizo.

Jumamosi, 9 Februari

Kichwa kinagonga. Tessa naye analalamika kichwa, kichefuchefu. Itakuwa mafua ya shuleni. Baba kashinda kwenye sauna yake uani, kile kibanda cha mvuke, yeye mzima kabisa, ananicheka. Eti mwanangu, nyie wa siku hizi mnaumwa hata na mwanga wa mwezi. Miaka themanini na nne huyo!

Wifi Aila kapiga simu kutoka Lansing. Yaleyale. Baba amezeeka, ngazi zile, sufuria zile, na mimi sipo nyumbani usiku. Kuna nafasi kituoni kwangu, si itakuwa rahisi nikimwona kazini kila siku? Nimemwambia nitafikiria.

Sifikirii. Ninakijua kile kituo kuanzia mlango wa nyuma. Ninajua saa ngapi wazee wanavuliwa viatu. Baba hana siku anayokosa kuwasha sauna yake, na kule hakuna hata mlango anaoruhusiwa kufungua mwenyewe. Mume wangu Wes angekuwa hai angemwambia dada yake hapana, moja kwa moja. Mimi mjane wa kaka, nina sauti gani?

Jumapili, 17 Februari

Niandike tu.

Jana Tessa alikuwa chini anafua. Nilimwita chakula, hakuitika. Nikamwita tena. Nikashuka. Yuko sakafuni kando ya mashine, mashavu mekundu, macho nusu wazi. Sijui nilimpandishaje zile ngazi, ni mzito kuliko mimi! Baba kafungua milango yote, theluji ikaingia hadi sebuleni, kanisaidia kumburuta hadi uani, katupa koti lake juu yake. Zimamoto walifika baada ya dakika tisa.

Tessa yuko hospitali, anapumua oksijeni kwa barakoa. Yuko sawa. Ameomba chipsi. Mungu wangu, ameomba chipsi!

Mkuu wa zimamoto alishuka chini na kifaa chake, akapanda mbio. Kasema mashine ya gesi inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ndiyo maana lazima bomba liende nje. Ile ya umeme haikuwa na moshi wowote, tukazoea. Kairudisha soksi yangu mkononi, nyeusi kwa masizi. Akasema, Mama, kila mwaka nakuta soksi kama hii kwenye nyumba ya mtu.

Halafu akatazama juu ngazini. Akasema, kengele hii ingeita mapema sana, milio minne minne ya gesi. Nani kaitoa betri?

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

Baba kasema, "Mimi. Ilikuwa inanipigia kelele na samaki wangu."

Kasema bila kunitazama. Nami nikafunga mdomo.

Jumanne, 19 Februari

Aila amefika. Kaendesha gari saa nane nzima na theluji yote hii. Kamkumbatia Tessa, kalia, kisha kageuka. Baba, kweli ulitoa betri? Baba kasema ndiyo, mara ya pili, anapaka siagi mkate. Umeziweka wapi? Kasema hakumbuki.

Hakumbuki! Huyu anayekumbuka uzito wa kila samaki aliyemvua tangu utoto.

Aila kampigia mtu wa ustawi wa wazee. Atakuja Alhamisi saa nne asubuhi kumpima kama anaweza kuendelea kukaa hapa. Mzee anayetoa betri kisha asahau, jibu lake linajulikana. Nimejaza fomu hizo mwenyewe kazini, mara ngapi.

Nilimfuata Baba kwenye sauna. Nikamwambia nitasema. Kasema, "Sema nini? Soksi aliivisha nani kama si mimi?" Nikasema soksi na betri ni mambo mawili. Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukajaa. "Wakisikia ni wewe, watamuuliza Tessa anaishi na nani. Mimi nimeshaishi, mwanangu. Funga mlango, joto linatoka."

Nimeona aibu. Nilitulia moyoni, dakika moja nzima, nilitulia. Ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 21 Februari

Baba kavaa tai. Ile ya mazishi ya Wes. Kanyoa, kajikata kidogo kidevuni. Tessa bado amelala. Aila anapanga vikombe vizuri mezani, utadhani ni posa.

Kengele mpya zinawaka taa ya kijani kila chumba. Nne. Nimenunua nne.

Saa ya jikoni inatembea vizuri. Hakuna hata mmoja aliyeitazama juma zima isipokuwa sisi wawili.

Sasa hivi nimepanda kiti nikaishusha. Baba kaja akakishikilia kiti, kama ile siku. Niliposhuka kanong'ona, "Irudishe, Noreen. Acha itembee." Hajawahi kuniita jina langu.

Niko chumbani, saa iko mapajani, nikiandika nayaona maandishi madogo kwenye betri. Nikiigeuza, mishale inaonyesha saa nne kasoro dakika mbili. Gari limeingia uani. Aila anauliza kwa sauti saa ya ukutani imeenda wapi, na Baba anamjibu kwamba ameitoa yeye. Naacha kalamu, nainuka na saa mkononi.