Machela ya Tairi

Ijumbi, Jumapili, baada ya mvua

"Tairi la lori limekanyaga matope na mavi ya ng'ombe. Kumlaza mgonjwa juu yake ni kumvunjia heshima." Ndivyo alivyosema mzee wetu, Ta Kamugisha, kikaoni juzi nilipopendekeza tusuke machela kwa mikanda ya tairi, na wazee wenzake wakampigia makofi. Heshima! Kamba zetu za mgomba zilipokatika mlimani, mgonjwa alianguka kwa heshima kubwa.

Nilitoka kwa hasira, nikachukua tairi moja kati ya mawili yaliyotupwa nyuma ya ghala la kahawa. Tangu vita mpira ni adimu, nasi tunauchoma! Nikalikata mikanda kwa kisu na maji, nikaisuka chini ya machela ya kijiji. Viganja vinaniwaka hadi sasa.

Leo mama alizidiwa na homa, tukambeba hadi zahanati, njia nzima utelezi. Niliogopa. Mikanda ingekatika, ningekuwa nimemuua mama yangu kwa ubishi wangu. Haikukatika. Kamugisha mwenyewe alibeba mbele, maana jirani hakatai machela.

"Mama, unaumia?" akauliza.

"Nyamaza, mwanangu, endesha! Sijawahi kupanda lori."

Hata Kamugisha alicheka. Mama amepewa dawa, homa imeshuka, nami nimeridhika, ingawa...

Hapana, sijamaliza. Ta Kamugisha, nanyi wazee mliopiga makofi: tairi la pili mmepanga kulichoma kesho. Wekeni kiberiti chini, njooni na visu. Wenzetu wa ng'ambo ya bonde bado wanabebana kwa kamba za mgomba.