Vimulimuli vya Mwezi wa Sita

Juni 16, 2024

Mwaitu,

Salamu nyingi, mama. Goti limepoa? Mimi huku Japani ni mzima, Mungu ni mwema.

Jumamosi jioni nilimpeleka susu Haruko, yule bibi mzee ninayemtunza, mahali alipokuwa akienda na marehemu mumewe. Ni hekalu dogo la dini yao ya Kishinto, juu ya mashamba ya mpunga. Hata majirani wengi hawalijui. Mwezi huu vimulimuli hujaa hapo. Watu huzima simu zote, kwani mwanga ukizidi wadudu hao hawaonani. Kwa hivyo sina picha. Susu alilia, kisha akacheka.

Binti yako, Mutindi

Julai 1

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Huku Tawa tuko salama, ndengu tumepura.

Barua yako imefanya chai yangu ipoe. Hekalu, Mutindi? Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli walikubali tanuru kuliko kuinama! Ya wadudu nimeelewa. Nijibu moja tu: uliinama?

Mamako

Julai 9

Mwaitu,

Nakusalimu kwa heshima. Sitakudanganya. Mlimani niliinama kwa sababu nilisukuma kiti cha magurudumu cha susu. Lakini langoni susu aliinamisha kichwa, nami nikainamisha changu, nikamwomba Yesu amtunze. Kasirika, lakini usiache kuniombea.

Binti yako

Septemba 2

Mwaitu, hujambo? Kila nikipiga simu Kisilu anasema uko shambani. Shamba gani hilo wakati wa kiangazi?

Binti yako

Novemba 23

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Mvua imefika, goti linajua.

Sikuwa shambani. Nilimtuma ndugu yako aseme hivyo. Hata kwa maombi ya akina mama, kila mtu akitaja watoto wake, wewe nilikuruka. Kanyiva akaniuliza, "Kwani huyo wa Japani alikufa?"

Wiki iliyopita ile taa ya sola uliyoninunulia ilizimika. Nikaenda kufunga mbuzi gizani. Chini kwa kunde nikaona kimulimuli kimoja, halafu vingine, halafu shamba lote! Tangu tuweke taa sijawahi kuviona. Nikainama kuviangalia, nikajikuta namshukuru Mungu kwa sauti, pua karibu iguse matope. Muli akapita njiani: "Mama Mutindi, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe, zima tochi!"

Jumatano kwenye maombi nimekutaja wa kwanza. Na susu Haruko pia, ingawa Kanyiva alimwita Haluko.

Kisilu anataka kutengeneza taa. Nimemwambia angoje mvua iishe.

Mamako anayekuombea