Koku Ameolewa, na Sikuonja

Deo, rafiki yangu,

Binti yangu Koku ameolewa, na mimi sikunywa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, habari ndefu hukuziweza. Ungenikatiza tu: "Furugensi, ulikunywa au hukunywa?" Sikunywa, bwana wee! Hata tone!

Tulipokuzika nilidhani kikundi chetu nacho kimekwisha. Jumapili iliyofuata tulikaa kwenye lile darasa la katekista hapa Ihembe, tukitazamana kama abiria walioachwa na basi Kayanga. Mama Byera akatoa kahawa za kutafuna, tukatafuna. Mwisho nikasimama nikasema ulivyotufundisha: "Naitwa Furugensi, na pombe imenishinda." Kisha nikalia. Nilikulilia, na nilikukasirikia pia. Nani alikwambia uniachie kazi hii?

Uliporudi kutoka hospitali ya Mwanza na habari zako za mikutano ya walioshindwa na pombe, mimi ndiye niliyekucheka kuliko wote. Watu wazima kukaa kwenye madawati ya watoto na kusimuliana aibu zao! Ukaniambia, "Njoo hata ukiwa umelewa, mradi uje." Nikaja nimelewa kweli, nikakoroma mkutano mzima. Ulinifunika koti lako, ukanisindikiza hadi nyumbani, na njia nzima hukunisema. Ningetukanwa nisingerudi.

Na ule omuramba wako, unaukumbuka? Ulikamua juisi hiyo ya ndizi Ijumaa ili utukaribishe nayo Jumapili. Maisha yetu yote hatukuwahi kuiacha ilale bila kuitia mtama ikawa pombe ya rubisi, basi tukaamini ulevi wote unatoka kwenye mtama. Ulipofungua kibuyu, povu! Kumbe imechacha yenyewe. Harufu ikatupiga, kila pua ikageuka. Mama Byera akakupokonya, akakimwaga chote migombani huku anakugombeza. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini mate yalikuwa yamenijaa mdomoni.

Sasa sikia ya Koku. Unajua kwetu: wakwe wakileta rubisi, baba wa binti ndiye anayeanza kuvuta mrija. Asipovuta, amewakataa. Kaka yangu akanishauri, "Vuta kidogo tu, kwa heshima." Kidogo! Mimi na kidogo tulikutana lini? Niliogopa, Deo. Niliogopa kumvunjia mwanangu ndoa, na niliogopa zaidi kwa sababu moyo wangu ulifurahi kupata kisingizio.

Nikalisema hilo mkutanoni. Hakuna aliyenihubiria. Mama Byera aliuliza tu, "Ndizi zako zimeiva?"

Basi alfajiri ya siku yenyewe kikundi kizima kikaja kwangu. Wanaume wakakunja suruali, wakaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, wakakanyaga ndizi na nyasi huku wakiimba. Majirani kusikia walevi wa Ihembe wanakamua, wakaja mbio na vikombe! Mama Byera akawapokea: "Poleni, leo ni utamu mtupu." Wengine waligeuza palepale, ungewaona nyuso zao.

Wakwe walifika na pikapu kutoka Rubwera, watu wazima wenye ng'ombe zao na kanzu zilizopigwa pasi. Salamu zikaisha, kibuyu chao cha rubisi kikawekwa mbele yangu, mshenga akanipa mrija. Nikausikia moyo unaniambia vuta. Nikasimama, mrija mkononi.

Nikasema, "Wakwe zangu, heshima yenu nimeipokea na binti nimewapa. Lakini mimi pombe ilinishinda. Nikivuta hii, kesho mtaniokota njiani. Naomba tuunganishe udugu kwa omuramba."

Kaka yangu akainamia viatu vyake. Koku alikuwa ndani, na najua alisikia kila neno.

Baba wa kijana akauliza, "Omuramba umekamuliwa lini?"

"Asubuhi hii, mzee."

"Na nani?"

Nikawaonyesha wenzetu, wamejipanga karibu na jiko, miguu bado imegandwa na maji ya ndizi. Mzee akawatazama mmoja mmoja. Kisha akachukua mrija mkononi mwangu, akautia kwenye kibuyu changu cha omuramba, akavuta yeye kwanza, akanirudishia. "Mkwe, vuta." Deo, vigelegele! Mama Byera alipiga mpaka sauti ikamkauka.

Jioni Koku alikuja kuniaga. Alinikumbatia, akanusa pumzi yangu kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo, apate kujua ni baba yupi amerudi nyumbani. Akanusa tena. Kisha akacheka kwa sauti, machozi yanamtoka, akasema, "Baba, nakwenda na amani." Nilimsindikiza hadi kwenye gari kwa miguu yangu mwenyewe, na nikafunga mlango wa gari kwa mkono wangu.

Kabla hawajaondoka, yule mzee alinivuta pembeni akaniuliza mkutano wetu ni siku gani. Ana mdogo wake. Nimeshaazima baiskeli, nitakwenda Rubwera kuwaonyesha namna ya kuanza.

Kwaheri, rafiki yangu. Nilikushukuru mara chache mno ulipokuwa hai, basi pokea sasa: asante. Nakuahidi darasa la katekista litafunguliwa kila Jumapili, na maadamu naweza kutembea, nitakuwa ndani.

Ni mimi,
Furugensi, baba yake Koku