Paka Mmoja kwa Cherotich

Jumanne, 6 Agosti 1996
Mogogosiek, mkutano wa wakulima kiwandani. Umeisha saa nane. Nimemsomea mhariri habari kwa simu, maneno mia mbili. Kericho saa kumi na mbili. Ugali wa jana. Nyumba kimya.

Meneja wa shamba la majani chai jirani anahama. Mkewe ana paka wawili. Anasema nichague mmoja, mwingine ameahidiwa rafiki yake huko Nandi. Mmoja wa Kisiam: uso mweusi, macho ya samawati. Mwingine wa Kihabeshi: manyoya ya rangi ya sungura. Wote wanapenda kucheza.

Paka ni wa binti yangu Cherotich, miaka kumi. Tangu mama yake afariki mwaka jana anaishi Kaplong kwa bibi yake, Gogo. Nataka arudi, aanze shule hapa Januari. Gogo amesema mtoto ataamua mwenyewe likizo hii. Paka ni hongo. Naandika ilivyo.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimeuliza. Daktari wa mifugo: Msiam hupiga kelele kutwa, Mhabeshi hupanda kila kitu. Mke wa meneja: wote wapole kwa watoto. Mama Wambui wa duka la vitambaa alinicheka. "Baba Cherotich, paka ni wa panya. Wewe unamhoji kama mbunge."

Sijaamua. Sina haraka na jambo nisilolithibitisha.

Jumamosi, 10 Agosti
Cherotich amefika. Paka wote wawili tumeazimwa hadi Jumatatu. Msiam amekokota soksi yangu nyumba nzima. Mhabeshi amepanda pazia, akaning'inia, akashindwa kushuka. Cherotich amecheka mpaka akakaa chini. Sijasikia hivyo katika nyumba hii tangu mazishi.

Mhabeshi anatoka machozi jicho moja. Nimeandika.

Jumapili, 11 Agosti
Baada ya kanisa nilikuwa jikoni napasha maziwa. Cherotich alikuwa sebuleni, Mhabeshi mapajani, akitaja majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya lingine, polepole. Ndivyo akina mama wetu wanavyomfanyia mtoto mchanga. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Alianza na babu yangu. Kimya. Shangazi. Kimya. Kisha mama yake.

Paka akapiga chafya. Mara mbili.

Alikuja mlangoni amembeba. "Baba, ameitika."

Nikamwambia paka ana mafua, hata jicho linatoka maji. Ni kweli. Akarudi naye sebuleni. Nilidhani nimemjibu.

Jumatatu, 12 Agosti
Saa mbili asubuhi nimempeleka Mhabeshi kwa daktari. Mafua ya paka, huenda yakazidi. Nimemrudisha kwa mwenyewe na kubaki na Msiam. Mzima, kachanjwa. Uamuzi sahihi kwa kila kipimo nilichokuwa nacho. Cherotich alikuwa bado amelala.

Alipoamka alitazama chini ya viti. Juu ya kabati. Akauliza mara moja, nikamweleza. Akavaa viatu, akapanga nguo zake. Mchana akaomba arudi Kaplong. Likizo ilikuwa na wiki mbili zaidi. Nimempeleka.

Jumatano, 21 Agosti
Gogo amepiga simu kutoka kwa jirani yake mwalimu. Cherotich atabaki Kaplong. Januari ataendelea na shule ya huko. Nilieleza tena kuhusu mafua. Gogo alinisikiliza hadi mwisho.

"Mtoto hakukuuliza kama paka ni mgonjwa."

Nimekuwa nikihoji watu miaka kumi na tisa.

Msiam anapiga kelele kutwa. Daktari alisema kweli.

Jumapili, 25 Agosti
Kaplong. Nimempelekea madaftari na sweta ya shule. Cherotich alichota maji, akachemsha chai, akaninawisha mikono kama mgeni. Nikamwambia Msiam anaiba soksi bado. Alitabasamu kidogo. Nikauliza kama atakuja Krismasi. Akasema ataangalia.

Alinisindikiza mpaka langoni kwa Gogo.

"Yule mwingine alipona?"

Nikasema sijui. Ni kweli. Meneja alihama wiki iliyopita, na sikuuliza.

Alinishikia lango. Nilifika Kericho saa tisa, mvua ikianza.