Détendeur ya bunduki na ya gaz

Jumamosi, siku ya posho, Bagira

Tangu asubuhi niko nalaumu bure ile détendeur, kichuma cha kupunguza presha ya upepo.

Mbele ya kuiweka mu bunduki yangu ya upepo, risasi za kwanza zilikuwa zinatoka polepole, za katikati mbio, za mwisho zimechoka. Sasa zote ziko na mbio moja, kipimo cha mbio kinaonyesha. Lakini mbio yenyewe imeshuka! Na kesho shemeji anatoka Katana tushindane, muchekaji ule.

Nikakaza resori ya nyundo, ile inasukuma nyundo ifungue upepo. Mbio haikuongezeka; upepo tu ulipotea, na kelele ikakimbiza kuku za jirani.

Bibi yangu, mama ya Zawadi, alikuwa anapika pale nje. "Papa Zawadi, si ni détendeur sawa ile ya gaz yangu? Ata nifungue yote, moto haupiti pale inakubali. Niko napoteza gaz tu."

Nikarudia bunduki. Nikalegeza resori kidogo kidogo. Mbio ikabaki ileile, kelele ikapungua, risasi tano zikapita mu tundu moja ya kile kibati nilitundika ku ukuta.

Nikamuita aone. Akakitoa ku ukuta, akakigeuza.

"Merci ya détendeur," akasema. "Kifuniko cha sufuria yangu kiko na tundu moja tu."